Mbwa wetu ana papara kupita kiasi: tumlipe mkufunzi au tupambane wenyewe?

Mpendwa Mshauri,

Habari za kazi. Tuna mbwa dume, Tomi, wa miezi 11. Ni chotara mkubwa, ana kilo 26, na tunaye tangu akiwa na wiki 9. Si mkali hata kidogo. Shida yake ni papara. Mlango ukigongwa anabweka na kuzunguka sebule nzima, na mgeni akiingia anamrukia hadi mabegani. Mwezi uliopita alimrukia mama mkwe, mama akaanguka na kuumia kiwiko.

Matembezini anavuta kamba tangu tunapotoka getini hadi tunaporudi. Akiona mbwa mwingine anasimama kwa miguu ya nyuma, anabweka na kulia kwa pamoja. Na jioni, kati ya saa 12 na saa 2, ndiyo balaa lenyewe: anakimbia chumba hadi chumba, anadaka mikono ya nguo za mtoto wetu wa miaka 6 na kuivuta. Hajamtoa damu, ila mara mbili ameacha alama nyekundu mkononi.

Tumefanya kila tulichoambiwa. Kumpiga goti la kifua akiruka, kumkaripia, kumkimbiza saa nzima asubuhi ili achoke, kumfungia chumbani akizidi. Anatulia siku mbili, anarudi palepale. Kinachoniumiza kichwa ni kwamba "kaa" analijua vizuri kabisa tukiwa jikoni, lakini mgeni akija ni kama hajawahi kulisikia.

Mume wangu amepata mkufunzi anayechukua mbwa kwa wiki 3 na kumrudisha "amenyooka", kwa dhamana. Bei yake si ndogo. Mimi naamini tukijipanga tunaweza wenyewe. Yeye anasema tumeshashindwa. Tufuate lipi? Na kama ni mkufunzi, anayejua kazi nitamtambuaje?

Niliyechoka kuwaomba radhi wageni

JIBU

Dada, pole sana, na mama mkwe mfikishie pole.

Mchukueni mkufunzi, lakini si huyo, na si kwa mpango huo. Mumeo yuko sahihi kwamba mnahitaji msaada, nawe uko sahihi kwamba kazi yenyewe ni yenu. Ingekuwa ni kuruka na kuvuta kamba tu ningekwambia mjaribu wenyewe wiki 4 kwanza. Ila kwenu kuna mzee aliyekwisha kuanguka, na kuna meno yanayofika kwenye mkono wa mtoto wa miaka 6. Hapo jicho la mtu anayeijua kazi linahitajika mapema.

Anayehitajika ni wa kuja nyumbani kwenu. Jibu la kwa nini liko kwenye hilo la "kaa" ya jikoni. Mbwa hajifunzi amri kama tunavyodhani. Anajifunza amri pamoja na mahali, mtu, harufu na hali. "Kaa" ya jikoni, chakula kikiwa mkononi mwako, na "kaa" ya mlangoni mgeni akiwa anaingia, kwake ni masomo mawili tofauti, na hilo la pili hajafundishwa bado. Sasa mpeleke wiki 3 kwenye uwanja wa mtu mwingine: atajifunza kutulia kwenye uwanja ule, mbele ya mtu yule. Atarudi, atakuta mlango uleule, sauti zilezile, mtoto yuleyule anayekimbia, nanyi mkijibu kama mlivyokuwa mkijibu. Tabia ya zamani itarudi, na fedha imekwisha kwenda.

Mpango wenye faida ni kikao cha kwanza cha dakika 60 hadi 90, nyumbani, watu wote wa nyumba wakiwepo, kisha vikao vingine vitatu au vinne vikipishana wiki moja au mbili, na kazi ya kufanya kila siku katikati. Muda mwingi wa vikao hivyo mkufunzi atakuwa anawasahihisha ninyi: mkono uko juu mno, zawadi imechelewa, kamba imekazwa bila kujua.

Kabla ya mkufunzi, Tomi apite kwa daktari wa mifugo. Ngozi inayowasha, maumivu ya nyonga au goti, masikio yenye uchafu, tumbo lisilotulia, vyote humfanya mbwa ahangaike, na wengi huhangaika zaidi jioni. Hakikisheni pia chanjo ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati. Mkiambiwa mumhasi, muwe na sababu sahihi: kuhasi husaidia kwenye kuzurura, kupanda na kukojoakojoa kuweka alama. Adabu za mlangoni hakumfundishi.

Umri wake nao mnapaswa kuujua. Miezi 11 ni ujana. Kwa mbwa wengi huanza karibu na miezi 6 na kwenda hadi miezi 18, na kwa wakubwa unaweza kufika miaka 2. Kipindi hiki hata mbwa aliyefunzwa vizuri huonekana amesahau, kwa hiyo msikate tamaa kwamba ameharibika.

Nieleze kwa nini mliyojaribu hayakushika. Mbwa anayerukia watu anatafuta kuguswa, kutazamwa na kusemeshwa. Goti la kifua ni kuguswa. "Acha! Shuka!" ni kusemeshwa. Kwake yote ni malipo, na mbali na hilo goti linaweza kumuumiza kifuani au kumfundisha kuwaogopa watu wanaomkaribia. Halafu kuna mgeni mmoja kati ya watano anayesema "mwacheni tu, mimi napenda mbwa" na kumpapasa akiwa amemsimamia. Huyo mmoja anatosha kuiweka tabia hai miezi mingi, maana malipo yanayokuja mara mojamoja, bila kujulikana lini, ndiyo yanayomfanya mnyama aendelee kujaribu kwa bidii zaidi.

Kumkimbiza saa nzima nako kuna hasara yake: kunamjengea pumzi. Baada ya miezi miwili mna mbwa mwenye nguvu za mkimbiaji na hajui kutulia. Mbwa huyu anahitaji kunusa, kutafuna na kulala kuliko kukimbia.

Naanza na usingizi kwa sababu ndipo lilipo balaa lenu la jioni. Mbwa mzima hupumzika saa 12 hadi 14 kwa siku, na kijana kama Tomi anahitaji zaidi. Kwenye nyumba yenye mtoto hapati. Anaamka kila mlango ukifunguliwa, na ikifika saa 12 jioni amechoka hadi hawezi kujizuia, ndiyo maana anakimbia na kudaka nguo. Jaribuni hivi: saa 10 alasiri awekwe kwenye chumba kimya, pazia limefungwa, akiwa na kitu cha kutafuna, akae huko saa moja na nusu hadi mbili. Asipelekwe kama adhabu. Apelekwe kabla hajaanza. Akitoka, nusu ya chakula chake cha jioni mtawanyie kwenye nyasi au mkizungushie ndani ya taulo kuukuu akitafute kwa pua. Dakika 15 za kunusa zinamtuliza kuliko nusu saa ya kurushiwa mpira. Mipira ya kurushwa jioni iacheni kabisa kwa sasa.

Mtoto asihusishwe na kazi ya kumrekebisha. Mfundisheni jambo moja tu: Tomi akimjia mbio, asimame kama mti, mikono akunje kifuani, macho juu, kimya. Kukimbia na kupiga kelele ndiko kunakomnogesha mbwa. Mtu mzima aingie katikati na kumpa Tomi kamba nene ya kuvuta, ndefu kiasi cha sentimita 60 hivi, ili meno yawe mbali na vidole. Na wawili hao wasiachwe peke yao chumba kimoja, hata kwa dakika ya kwenda kuzima jiko. Wekeni kigeti kile cha kuzuia watoto kati ya vyumba. Kinasaidia kuliko kukaripia. Ikitokea ngozi imechanika, hata kidogo, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na mwende hospitali siku hiyohiyo.

Sasa mlango. Kazi hii anzeni leo, msimngoje mkufunzi.

Lengo la kwanza ni kwamba kwa wiki 4 zijazo hata mruko mmoja usifanikiwe. Mgeni halisi akija, Tomi awe nyuma ya kigeti au amefungwa kamba ya mita 1.5 hadi 2 kwenye kitu kizito kabla mlango haujafunguliwa. Wageni watumieni ujumbe mapema ili wasubiri nje dakika moja bila kukasirika. Wazee wanaotembea kwa shida wasitumike kabisa kwenye mazoezi. Wao wakija, Tomi ana chumba chake na mfupa wake.

Zawadi iwe kitu anachokitamani kweli: kuku au ini la kuchemsha, bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa. Vipande viwe vidogo kama punje ya njegere. Vitoeni kwenye hesabu ya chakula chake cha siku, visizidi sehemu moja ya kumi, la sivyo mtapata mbwa mnene. Chagueni neno moja fupi, tuseme "Safi", na mlitamke papo hapo anapofanya sahihi. Zawadi ifuate ndani ya sekunde moja au mbili. Na zawadi iwekwe chini, katikati ya miguu yake ya mbele. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mkono ukishikilia nyama usawa wa kiuno, mbwa anaufuata juu, halafu tunamlaumu kwa kuruka.

Siku za kwanza hakuna mgeni wala mlango. Tandika mkeka wake mita 3 kutoka mlangoni. Gonga meza polepole kwa kidole; kabla hajabweka, sema "Safi" na uweke kipande mkekani. Rudia mara 10, inatosha. Dakika 3, mara tatu kwa siku. Akianza kusikia mlio wa kugonga na kuutazama mkeka, mtu wa nyumbani atoke agonge mlango wenyewe, taratibu. Kisha mlango ufunguliwe upenyo tu. Kisha mtu huyo aingie na kumsogelea Tomi akiwa amefungwa kamba: miguu yote minne ikiwa chini, anaendelea kusogea, miguu ya mbele ikiinuka, anageuka bila kusema neno na kurudi hatua mbili. Miguu ikishuka, anasogea tena. Akifika, asalimie kwa sauti ya chini, ampapase kifuani na si kichwani, kwa sekunde 3, kisha aondoke. Baada ya hapo ndipo mnamleta rafiki mmoja aliyekubali kufuata maagizo.

Pandeni hatua akipatia mara 8 kati ya 10. Akikosea mara mbili mfululizo, rudini hatua ya nyuma bila kinyongo. Mlio wa kugonga na mlango kufunguka ni mambo mawili. Msiyaongeze kwa wakati mmoja.

Mambo mawili yatawasumbua. La kwanza, siku chache za mwanzo ataruka na kubweka zaidi. Ni kawaida: kilichokuwa kikimlipa kimekauka, anajaribu kwa nguvu. Mkimwangalia au kumkemea hapo, mmemfundisha kwamba lazima aruke mara nane badala ya mbili. La pili ni gumu kuliona, na mkufunzi mzuri hulishika mara moja. Tomi anaruka, unasema "kaa", anakaa, unampa kipande. Inaonekana sawa, kumbe amejifunza mlolongo mzima: ruka, kaa, lipwa. Akiruka, subirini sekunde 5 za miguu chini kabla ya malipo yoyote, au mgeni atoke na mwanzishe upya.

Kwenye kamba, nunueni mkanda wa kifua wenye pete mbele, kifuani, na kamba ya kawaida ya mita 2 hivi. Ile inayojikunja yenyewe humfundisha kwamba kuvuta kunaongeza urefu. Anavuta kwa sababu akivuta anafika. Basi kamba ikikaza, simama, ikilegea, endelea, kila hatua chache akiwa kando ya paja lako, kipande. Fanyeni dakika 10 tu, kuanzia uani. Mara ya pili kwa siku mpeleke mahali patulivu kwa kamba ndefu ya mita 5 hadi 10 iliyofungwa kwenye pete ya mgongoni, kamwe isifungwe kwenye kola, na umwache anuse anachotaka.

Mbwa wengine ni suala la umbali. Kipimo ni tumbo: akikataa kipande anachokipenda, mko karibu mno. Rudini nyuma hadi aweze kumtazama yule mbwa na bado ale. Ikiwa ni mita 40, anzieni mita 40. Kusimama kwa miguu ya nyuma huku akilia mara nyingi ni hamu ya kufika, lakini hofu nayo inaweza kufanana hivyo kwa nje, na tiba zake zinatofautiana. Hili mwachieni mkufunzi alipime kwa macho.

Sasa namna ya kumpata. Kwenye nchi nyingi mtu yeyote anaweza kujiita mkufunzi wa mbwa kesho asubuhi. Ujerumani ni miongoni mwa chache zilizoweka sharti la kibali kwa wanaoifanya biashara, tangu 2014. Kwa hiyo mzigo wa kuhoji ni wenu. Ulizeni: mbwa wetu akipatia, nini hasa kitamtokea? Akikosea, nini hasa kitamtokea? Na je, kuna njia nyepesi kuliko hiyo? Majibu yawe ya vitendo mnavyoweza kuviona kwa macho. Anayejibu kwa maneno ya "nguvu ya ndani", "kuwa bosi" au "kuvunja kiburi" hajajibu. Ombeni kutazama kikao chake na mbwa wa mtu mwingine, na msimtazame yeye, mtazameni mbwa. Mkia uko wapi? Anarudi mwenyewe kwa mkufunzi akiachiwa, au analamba midomo, masikio nyuma, mwili chini? Mbwa aliyejikunyata si mbwa aliyetulia.

Huyo wa dhamana ananitia wasiwasi. Anaweza kuahidi idadi ya vikao, maelezo ya maandishi, kupatikana kwa simu. Tabia ya kiumbe hai atakayeishi kwenye nyumba asiyoitawala, hawezi. Muulizeni kama yuko tayari kuja kwenu na ninyi kutazama kila anachofanya. Akikataa, msimpe mbwa wenu.

Akija na hadithi ya mbwa anayetaka ukuu wa kundi, mjue ilikotoka. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwamwitu wa kufugwa, waliofungiwa pamoja, na ugomvi wao wa vyeo. David Mech, mtafiti wa mbwamwitu ambaye naye aliwahi kulieneza wazo hilo, mwaka 1999 alieleza kwamba kundi la kawaida la mbwamwitu wa porini ni familia: wazazi na watoto wao. Tomi hataki cheo chenu. Anataka kuguswa na mgeni.

Kola ya umeme, ya miiba au mnyororo wa kukaba, kataeni bila kujadiliana. Ubaya wake kwa mbwa wa aina hii una mantiki rahisi: anamwona mgeni kwa furaha, anapata maumivu, naye anaunganisha maumivu na mgeni. Mliyekuwa naye alikuwa mchangamfu. Mtakayempata anaweza kuwa mwenye woga, na mbwa mwoga hung'ata. Wales ilipiga marufuku kola za umeme mwaka 2010, na chama cha Marekani cha madaktari wa wanyama wanaoshughulikia tabia, AVSAB, mwaka 2021 kilishauri mbinu za zawadi zitumike kwa mafunzo yote ya mbwa.

Kuna hali ambazo mkufunzi wa adabu hazimhusu, na mnapaswa kwenda kwa daktari wa mifugo mwenye ujuzi wa tabia: akianza kukakamaa na kuunguruma juu ya chakula au kitu chake, aking'ata hadi jino kuzama, akiachwa peke yake akajaa mate na kutafuna mlango, au akibadilika ghafla. Akiunguruma, msimwadhibu. Mngurumo ni onyo. Mkiuondoa, atang'ata bila onyo.

Wekeni daftari karibu na mlango. Kila mgeni au zoezi, andikeni mistari mitatu: alibweka sekunde ngapi, miguu iliinuka mara ngapi, alikula au alikataa. Mpeni mkufunzi daftari hilo siku ya kwanza. Litamwokolea nusu saa ya kuuliza. Kufikia kikao cha tatu namba ziwe zimeanza kushuka, na kila mtu mzima wa nyumba aweze kufanya zoezi la mlango bila mkufunzi kushika kamba. Zisiposhuka ilhali kazi ya kila siku mmefanya, abadilishe mpango na aeleze kwa nini. Akisema tatizo ni kwamba hamjamkazia vya kutosha, mlipeni stahili yake na mtafute mwingine.